Nani akabidhiwe ufunguo wa duka Nchelenge?

NCHELENGE, Zambia

MTEJA aliyevuka Ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo, akiingia katika duka la Kashikishi na kuomba kilo mbili za mchele, anaweza kupimiwa chumvi. Na hapo hakuna mjinga. Kwa Kibemba, lugha inayotawala ukanda huu wa mkoa wa Luapula, umucele ni chumvi. Mchele wenyewe huitwa umupunga, neno ambalo Mswahili wa pwani akilisikia hufikiria nafaka iliyo bado na maganda yake. Muuzaji anayezijua lugha zote mbili husikiliza lafudhi ya mteja, huuliza swali moja la ziada, ndipo hushika kipimo. Asiyejua hupima, hufunga, hupokea pesa, na baada ya nusu saa yuko kwenye ugomvi na mtu ambaye mtumbwi wake unamsubiri ufukweni.

Kumtafuta muuzaji wa aina ya kwanza ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwa mpita njia. Maduka mengi ya rejareja katika mwambao huu ni ya chumba kimoja: kaunta ya mbao, rafu tatu, mzani, na dirisha lenye nondo. Mwenye duka akimwajiri mtu mmoja tu, mtu huyo ndiye karani, mlinzi, mtunza fedha na sura ya duka. Siku mwenye duka anapokwenda Mansa au Nakonde kufuata mzigo, duka zima linabaki mikononi mwa msaidizi. Akirudi akute rafu zimepungua na pesa hazilingani na upungufu, hana benki ya kukimbilia. Mtaji umekwenda.

Nchelenge ndiyo makao makuu ya wilaya, na Kashikishi ni pacha wake, penye soko na mwalo wa samaki. Kaskazini iko wilaya ya Chiengi, na ukivuka mpaka unaingia Pweto. Ng'ambo ya ziwa, magharibi, iko Kilwa ya Kongo, ambayo isichanganywe na Kilwa ya mkoa wa Lindi, wala na kisiwa cha Kilwa kilichomo ndani ya ziwa hili hili upande wa Zambia. Msomaji wa Tanzania atatabasamu kusikia jina hilo likirudiwa mara mbili mbali hivi na bahari, lakini Kiswahili si mgeni hapa. Mwaka 1867, David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa, alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Salih, mtu wa misafara ya pwani, ambaye alikuwa ameishi huko kwa miaka mingi. Leo Kiswahili kinaingia kutoka magharibi zaidi kuliko mashariki: ndiyo lugha ya sokoni ya Katanga, na kila mtumbwi unaotoka Kongo hukileta pamoja na abiria.

Kwa hiyo swali la lugha huja mapema katika usaili, kama mazungumzo yale ya dakika kumi mbele ya kaunta yanastahili kuitwa usaili. Kibemba ni lazima. Kiingereza kidogo husaidia, kwa sababu risiti, vibali na ujumbe wa simu vimeandikwa kwa lugha hiyo. Kiswahili ndicho kinachomtofautisha mwombaji mmoja na mwingine. Na si Kiswahili cha darasani. Ni kile cha Katanga, ambacho pesa ni franga na bei huulizwa "ngani". Mtu aliyesoma Kiswahili sanifu cha Dodoma angehitaji wiki mbili kabla ya kuacha kushangaa. Pamoja na lugha huja hesabu, maana mteja huyo huyo anaweza kuwa na franga za Kongo mfuko mmoja, kwacha mfuko wa pili, na noti ya dola iliyokunjwa ndani ya kitambaa. Muuzaji anayekosea kubadilisha hupoteza faida ya siku nzima kwa mteja mmoja.

Biashara inayofuata mwezi

Nani atafaa kuajiriwa, na kwa muda gani, ni jambo linaloamuliwa na samaki. Dagaa wa Mweru, wanaoitwa chisense, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai. Siku hizi taa za betri na za jua zimechukua nafasi. Taa huvuta dagaa vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga wa taa hauna maana, na uvuvi hupungua. Basi mauzo ya duka la Kashikishi hupanda na kushuka na mwezi wa mbinguni, si mwezi wa mshahara. Wiki ya giza, wavuvi na kina mama wanaokausha na kununua dagaa wana pesa taslimu alfajiri, na duka linalochelewa kufunguliwa hukosa wateja wake bora. Wiki ya mwezi mpevu, wateja wale wale huja na daftari: nipe mafuta, nipe sabuni, nitalipa giza likirudi.

Hapo ndipo msaidizi anapopimwa kuliko mahali pengine popote. Kukataa kukopesha ni kumfukuza mteja ahamie kibanda cha jirani, hasa vile vibanda vidogo ambavyo Wazambia huviita kantemba, vinavyouza sukari ya kijiko na mafuta ya kupima kwa chupa ndogo. Kukopesha kila mtu ni kufunga duka. Mwenye duka hujua nani hulipa. Msaidizi mpya hajui, na kila mdaiwa sugu wa mtaa atakuja kumjaribu wiki ya kwanza, kwa maneno matamu na heshima zote, akimwita bamayo hata kama ni binti wa miaka ishirini. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Duka lenye daftari hapa huwa na mawili: la mauzo na la madeni. La pili ndilo linalofichwa kwenye droo yenye kufuli.

Miaka ya karibuni umeongezeka mzigo mwingine, pesa za simu. Airtel Money na MTN zimefanya maduka mengi yawe wakala, na pembeni ya barabara vimejaa vibanda ambavyo havina bidhaa nyingine ila floti na daftari. Vibanda hivi huajiri vijana wengi, mara nyingi wasichana waliomaliza sekondari. Kazi inaonekana nyepesi: kaa chini ya mwavuli, tuma, pokea. Lakini kosa la tarakimu moja katika namba ya simu hupeleka pesa kwa mtu asiyejulikana, na matapeli wanajua kwamba mtu wa kibanda amechoka saa kumi jioni. Mwajiri makini hamkabidhi mgeni namba ya siri wiki ya kwanza. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu hawana muda, kisha hulia.

Mwipwa au mgeni

Ukimuuliza mwenye duka yeyote katika mwambao huu angependa kumwajiri nani, jibu la haraka ni ndugu. Ndugu anajulikana kwao, hawezi kutoroka usiku kwenda Lubumbashi, na mshahara wake unaweza kusubiri. Lakini jibu hili lina mtego ambao Luapula inaufahamu vizuri kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Jamii za hapa huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto wa dada, mwipwa, kwa desturi ndiye aliyekuwa mrithi wa mjomba wake, ambaye humwita bayama. Mjomba akimweka mwipwa nyuma ya kaunta hajamwajiri mtu baki. Amemweka mtu ambaye, kwa jicho la mila, anauza mali ambayo sehemu yake ni ya ukoo wake mwenyewe. Mwipwa akichukua mkate na soda mchana, je, ameiba? Mama yake, yaani dada wa mwenye duka, akija kuchukua unga kwa ajili ya msiba, nani wa kumwambia alipe? Na mke wa mwenye duka, aliyechangia mtaji kwa kukausha dagaa miaka mitano, anaona nini anapowaangalia ndugu wa mumewe wakitoka na mifuko?

Mwanaanthropolojia Karla Poewe, aliyefanya utafiti Luapula katika miaka ya 1970 na kuandika vitabu viwili kuhusu mkoa huu, aliliona jambo hili waziwazi. Alieleza jinsi matarajio ya ukoo wa mama, kwamba mwenye nacho agawane na ndugu, yalivyogongana na haja ya mfanyabiashara ya kulimbikiza mtaji. Aliona pia kwamba baadhi ya waliofanikiwa katika biashara walikuwa wamejiunga na madhehebu kama Mashahidi wa Yehova na Waadventista Wasabato, ambayo yalimpa mtu sababu inayoheshimika ya kuielekeza mali yake kwa mke na watoto. Kwa maneno mengine, dini ilimsaidia mwenye duka kusema hapana. Si kila mwenyeji atakubaliana na maelezo hayo, na utafiti wenyewe ni wa nusu karne iliyopita. Hata hivyo, barua ya mchungaji au mzee wa kanisa bado ni cheti ambacho waajiri hapa hukithamini kuliko cheti cha shule.

Sheria nayo imesogeza mambo. Tangu mwaka 1989 Zambia ina sheria ya mirathi ya mtu aliyefariki bila wosia, inayogawa mali yake hivi: watoto asilimia 50, mjane asilimia 20, wazazi asilimia 20, na wategemezi wengine asilimia 10. Mwipwa hana fungu lake mwenyewe katika orodha hiyo, isipokuwa aingie kama mtegemezi. Zamani kijana angeweza kufanya kazi dukani kwa mjomba bila mshahara kwa miaka kumi akijua kwamba kesho ni yake. Leo kesho hiyo si yake kisheria, ila mazoea ya kutomlipa yamebaki. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, na ni ugomvi ambao kijana ana haki ndani yake. Anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa mbili usiku, anachota maji, anawapeleka watoto wa mjomba shule, na akiuliza malipo anaambiwa anakula na kulala bure.

Tanzania wana mfano mwingine, wa duka la Mangi. Mchaga mwenye duka Dar es Salaam humleta kijana kutoka kwao Kilimanjaro, humweka dukani, na baada ya miaka kadhaa humsaidia kuanza lake. Mpango huo una ahadi inayojulikana kwa pande zote, ingawa haiandikwi. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Afrika Mashariki walipita njia hiyo hiyo. Allidina Visram, ambaye baadaye maduka yake yalienea hadi Uganda, husimuliwa kwamba alianza akiwa kijana msaidizi wa Sewa Haji Paroo huko Bagamoyo. Kinachokosekana katika maduka mengi ya Nchelenge si undugu. Ni ile siku ya mwisho inayojulikana, ambayo kijana anaweza kuihesabu.

Kwa upande wa wageni, eneo hili lina historia yake. Enzi za Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, makampuni ya Wazungu, mashuhuri kati yake African Lakes iliyoitwa na watu Mandala, yaliweka maduka mashambani na kuyakabidhi kwa muuzaji Mwafrika aliyeitwa kapitao, jina lililotoka kwa Wareno. Kapitao alihesabiwa bidhaa alipopokea, na siku ya hesabu alitakiwa aonyeshe ama bidhaa ama pesa zake. Hapakuwa na habari ya mjomba. Wengi walijifunza biashara humo kabla ya kufungua maduka yao wenyewe. Mfumo ule ulikuwa mkali, na mshahara ulikuwa mdogo, lakini kitu kimoja ulikifanya ambacho maduka mengi ya leo hayafanyi: uliweka hesabu ya mwanzo.

Hesabu ya siku ya kwanza

Mwajiri wa Nchelenge akiogopa wizi, mara nyingi hutega. Huacha noti ya kwacha 50 chini ya mfuko wa sukari aone kama itarudishwa. Au humtuma mtu asiyejulikana akaombe punguzo kisha aseme risiti haihitajiki. Mitego hii humtambua mwizi mjinga tu. Mwizi mwenye akili huirudisha noti kwa tabasamu na kuanza kazi yake mwezi wa tatu.

Dawa yenyewe inachosha: kuhesabu kila kitu kilichomo dukani siku msaidizi anapoanza, kwa bei ya kuuzia, mbele yake, wote wawili wakitia sahihi. Kisha kuhesabu tena kila wiki mbili au kila mwezi. Bidhaa za mwanzo, ongeza mzigo ulioingia, toa pesa zilizokabidhiwa na madeni yaliyoandikwa. Kinachobaki lazima kiwe kwenye rafu. Bila hesabu ya mwanzo, upungufu hauna mwenyewe. Mwenye duka anayechukua sukari ya nyumbani bila kuandika, kisha mwisho wa mwezi akakuta pengo na kumkata msaidizi, amejiibia na kumwadhibu mwingine. Na hilo hutokea mno, pengine kuliko wizi wa wasaidizi wenyewe.

Kukata mshahara kwa sababu ya "shoti" ni desturi ya maduka tangu Mombasa hadi Lubumbashi, lakini sheria za nchi jirani zimeiwekea mipaka. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri hawezi kukata fidia ya hasara bila mfanyakazi kuelezwa sababu na kiasi na kukubali kwa maandishi, na makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu, kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake umemkabidhi waziwazi kazi ya kupokea na kutunza fedha. Yaani hata huko, kwanza pawe na mkataba unaosema hivyo.

Zambia yenyewe ilipata sheria mpya ya ajira mwaka 2019. Kwa mwenye duka mdogo, mambo yenye uzito ni machache. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi mitatu, ingawa kinaweza kuongezwa mara moja. Ndani ya kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa taarifa ya saa 24. Baada ya hapo mwajiri anahitaji sababu halali. Mkataba wa miezi sita au zaidi uandikwe, na wa mdomo nao uwekewe kumbukumbu. Saa za kawaida ni 48 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku mbili kwa kila mwezi. Chini ya miaka 15 mtu haajiriwi, isipokuwa kazi nyepesi kuanzia miaka 13, na kusimama kaunta siku nzima shule zikiwa zimefunguliwa hakuwezi kuhesabiwa kazi nyepesi. Wauzaji wa maduka wana amri yao wenyewe ya kima cha chini cha mshahara, tofauti na ya wafanyakazi wa nyumbani. Viwango vilipandishwa mwaka 2018 na tena kuanzia Januari 2024.

Saa 48 zinastahili kuangaliwa mara mbili. Duka linalofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 13 kwa siku. Msaidizi wa peke yake huzimaliza saa zake za wiki siku ya nne, kabla ya jua kuzama. Zinazofuata ni za ziada, au ni za bure, inategemea nani anaandika.

Chukua hesabu ya mfano tu. Duka linauza kwacha 1,500 kwa siku, na faida ghafi ni asilimia 15. Hiyo ni kwacha 225 kwa siku, au 5,850 kwa siku 26. Toa kodi ya chumba, umeme na usafiri wa mzigo, tuseme 2,000, zinabaki 3,850. Msaidizi akilipwa 2,400, mwajiri huongeza asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, NAPSA, ambayo ni 120, na asilimia 1 ya bima ya afya, NHIMA, ambayo ni 24. Msaidizi naye hukatwa kiasi kama hicho. Mwenye duka anabakiwa na kwacha 1,306, chini ya mtu aliyemwajiri. Hesabu hiyo ndiyo inayomfanya akimbilie kwa mwipwa. Lakini bila msaidizi hawezi kwenda kufuata mzigo, na duka lisilo na mzigo haliuzi 1,500. Bima ya afya nayo si urembo katika wilaya ambayo ni miongoni mwa zinazoelemewa zaidi na malaria nchini. Kila mwenye duka anajua wiki ambayo msaidizi hakuja, na siku ambayo yeye mwenyewe alilala hospitali ya misheni ya St. Paul's huku kufuli likining'inia mlangoni.

Wasemaji wa Kiswahili walio kilomita chache tu

Mwishoni mwa mwaka 2017, mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya Wakongo kuvuka kuingia Nchelenge. Walipokewa kwanza Kenani, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa makazi mapya ya Mantapala, ndani ya wilaya hii hii. Zaidi ya watu 10,000 waliishi huko, wengi wao wakizungumza Kiswahili, baadhi wakiwa wameendesha maduka Pweto na vijiji vyake kabla ya vita. Kwa mwenye duka wa Kashikishi anayemtafuta mtu wa kuwahudumia wateja wa ng'ambo, ingeonekana jawabu limeletwa mlangoni.

Halikuwa jepesi hivyo. Zambia huwataka wakimbizi waishi katika makazi yaliyotengwa, na kutoka nje kunahitaji kibali. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2017 inawatambua na kuwapa kitambulisho, lakini kuajiriwa kunahitaji kibali cha kazi kama kwa mgeni mwingine. Gharama na safari za kukipata hazilingani na mshahara wa kaunta ya chumba kimoja. Kinachojitokeza mahali popote penye masharti ya namna hii kinafahamika: mtu huajiriwa kimyakimya, kwa nusu ya mshahara, na akidhulumiwa hana pa kushtaki kwa sababu yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuulizwa makaratasi. Wengine huchagua kubaki Mantapala na kufungua vibanda vyao, na huko wao ndio wenye duka, nao wanatafuta msaidizi anayejua Kibemba.

Jambo hili linaonekana dogo ukilitazama kutoka Lusaka, yaliko makao makuu ya COMESA, au Arusha, yaliko ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022. Zambia na Kongo zote ni wanachama wa COMESA na SADC, na SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Mwaka huo huo kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa. Sabuni iliyopita Nakonde inaweza kuishia katika rafu ya Kashikishi na kuuzwa kwa mtu wa Kilwa ya Kongo, ikiwa imevuka mipaka miwili kihalali. Mtu wa kuiuza, anayeijua lugha ya mnunuzi, hawezi kuvuka mmoja kwa urahisi huo.

Desemba mosi

Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Kwa duka la mwambao ni miezi mitatu ya mwezi mpevu. Ukirudi kwenye ile hesabu ya mfano, mauzo yakishuka hadi kwacha 500 kwa siku, faida ghafi ya mwezi ni 1,950, na gharama zilikuwa 2,000 hata kabla ya mshahara. Wasaidizi wengi walioajiriwa Machi huambiwa Novemba kwamba wapumzike kidogo. Wengine huhesabiwa vibarua ili kukwepa taarifa na malipo, ingawa sheria inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku kwa kazi isiyozidi saa 24. Mtu aliyekaa kaunta miezi tisa si kibarua kwa kipimo chochote.

Wapo wanaokubaliana mapema, na hawa huonekana kupata wasaidizi wanaodumu. Mkataba unatamka tangu Machi kwamba kazi ni ya msimu, unaisha Novemba 30, na malipo ya mwisho yatakuwa kiasi fulani. Kijana anajua kwamba Desemba atakwenda kulima mihogo kwao, na mwajiri anajua kwamba hatamkuta mahakamani. Wengine hupunguza saa za kufungua na kuutumia muda huo kukusanya madeni, kazi ambayo msaidizi anayewajua wadaiwa kwa majina na kwa vijiji ana thamani kuliko mwenye duka mwenyewe. Wachache huhamisha kibanda cha pesa za simu kwenda vijiji vya wakulima.

Kwa vyovyote vile, Novemba 30 ni siku ya kuhesabu. Rafu zinashushwa, mizani inafutwa vumbi, daftari la madeni linatolewa kwenye droo. Msaidizi anasoma, mwenye duka anaandika. Wakifika kwenye mstari ambao hawakubaliani, wanaanza upya kutoka juu. Machi 1, kama hakuna mbalamwezi, taa zinarudi ziwani, na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kina mama wa chisense wanabisha dirishani wakitaka chenji. Anayejua chenji inakaa wapi ni yule wa mwaka jana, kama alirudi.